Goti Likishashonwa, Nani Analipa Nauli?

Wapo wanaojua na wapo wasiojua kwamba kwa wiki sita zilizopita mazungumzo haya yalisomwa na mwenzangu, maana mimi nilikuwa nyumbani na goti lililopasuliwa. Wengi mmeleta pole, nami nashukuru sana. Lakini maswali yaliyoandamana na pole hizo ndiyo yaliyonifanya nizungumzie goti leo, jambo ambalo kwa hali ya kawaida lisingestahili kupewa dakika za redio. Karibu kila aliyenipigia simu aliuliza mambo mawili: operesheni imekwenda salama, na imegharimu kiasi gani? Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani ananifundisha kutembea.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Sisi watu wa mijini tumezoea kuchangia kisu. Akilazwa ndugu, kikao kinaitishwa, daftari linafunguliwa, siku hizi kundi la simu linaundwa, mwenye elfu kumi anatoa na mwenye laki anatoa. Mgonjwa akisharuhusiwa kutoka wodini, kikao kinavunjwa, kundi linafutwa, watu wanamshukuru Mungu na kurudi kwenye michango ya harusi. Kwa maradhi mengine huenda hilo linatosha. Kwa goti, siku ya kutoka wodini ndiyo kwanza kazi inaanza, na kazi yenyewe haina mfadhili.

Nieleze kidogo kilichonipata. Ndani ya goti, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga. Kazi yake ni kupokea uzito, kama raba zinavyowekwa chini ya mashine ili isigonge sakafu. Changu kimoja kilichanika siku nilipoteleza nikishuka kwenye daladala. Gegedu hilo lina tabia mbaya: ukingo wake wa nje tu ndio wenye mishipa ya damu, sehemu ya ndani haina. Pasipo damu hapaponi. Mchaniko ukiwa ndani, aghalabu daktari hukata kipande kilicholegea na kukitoa. Wangu ulikuwa pembeni, basi ukashonwa, nikaamriwa magongo na nikakatazwa kukunja goti kupita pembe ya nyuzi 90 kwa wiki sita.

Haya yote yalifanyika kwa matundu mawili madogo na kamera. Ufundi huo una asili yake Japani. Mwaka 1918, huko Tokyo, daktari Kenji Takagi alichukua chombo cha kuchungulia kibofu cha mkojo akakiingiza katika goti la maiti. Alikuwa akisumbuliwa na magoti yaliyokakamaa kwa kifua kikuu, na kwa Wajapani, ambao hukaa sakafuni kama sisi tunavyokaa mkekani, goti lisilokunja ni balaa. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, ndiye aliyefanya kwa njia hiyo operesheni ya kukata gegedu mwaka 1962. Mimi nikisoma habari hizo nawaelewa sana watu hawa. Sisi nasi goti ndilo la kusujudu na kupiga magoti kanisani, ndilo la chooni, ndilo la kukaa kitako penye sinia la wali.

Ubaya wa matundu madogo ni kwamba yanadanganya. Mgeni anaangalia vidonda viwili visivyozidi punje ya hindi, anacheka: "Ah, kumbe ni hivi tu!" Haoni kwamba ndani palipitishwa maji, pakakatwa, pakatiwa nyuzi, na kwamba goti limejibu kwa namna pekee linayoijua, yaani kuvimba.

Na uvimbe huu, ndugu zangu, si suala la sura ya mguu. Goti zima lina majimaji machache sana ya kulainisha, hata kijiko kimoja cha chai hayakijazi. Mwaka 1984 ilichapishwa taarifa ya utafiti ambamo watu wenye magoti mazima, wasio na maumivu, walitiwa maji ya chumvi gotini kwa sindano, kidogo kidogo, huku mwitikio wa misuli ya paja ukipimwa. Mililita 20 hadi 30 zilitosha kuanza kuulegeza msuli wa ndani ulio juu kidogo ya pia ya goti. Hivyo ni vijiko vinne hadi sita vya chai. Zilipofika 50 au 60, misuli mingine mikubwa ya paja nayo ikalegea. Hapakuwa na jeraha, palikuwa na maji tu. Goti likijaa, taarifa inapanda mpaka uti wa mgongo na amri inarudi kwamba msuli wa paja upunguze kazi.

Mimi siku ya tatu niliambiwa ninyooshe mguu na kuuinua juu ya kitanda shibiri moja. Nikauamuru. Haukwenda. Nikauamuru tena, jasho likanitoka, mguu umelala pale pale kama redio iliyoishiwa betri. Nilidhani mshipa wa fahamu umekatwa. Mtaalamu wa tiba ya viungo, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, akanituliza: "Hujakatwa kitu, baba. Goti limejaa, msuli umezimwa. Tuutoe uvimbe kwanza."

Sasa angalieni mtego ulivyo. Msuli usipofanya kazi, paja linakonda kwa siku chache tu, hata suruali inapwaya upande mmoja. Paja likikonda, goti halina wa kulishika, kila hatua inaliumiza, nalo linavimba zaidi. Na ukisema ufanye mazoezi kwa hasira ili paja lirudi, goti linavimba vile vile. Kuna kipimo, nacho ni rahisi mno, tena nashangaa hakibandikwi ukutani katika kila wodi. Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa goti katikati ya pia, asubuhi kabla hujatoka kitandani, mguu umenyooka. Andika. Goti langu zima lina sentimita 38. Lililopasuliwa lilianza na 42 na nusu. Ukifanya mazoezi leo, jioni likaongezeka kidogo, si neno. Lakini asubuhi ya pili likiwa bado halijarudi pale lilipokuwa jana asubuhi, umezidisha, punguza. Likirudi, waweza kuongeza kidogo. Kwa utepe wa bei ya soda mbili nimepata mwongozo kuliko kwa vidonge vyote nilivyopewa.

Kuhusu kuinua mguu, kila daktari atakuambia uulaze juu kuliko moyo. Ni rahisi kusema ukiwa wodini. Nyumbani kwa Mswahili ni mtihani wa adabu. Anaingia baba mkwe wako, au mzee wa mtaa na kanzu yake, nawe umelala sebuleni umemwelekezea unyayo! Mimi nilivumilia aibu hiyo siku mbili, kisha tukageuza kochi ili nyayo zitazame dirishani na kichwa kielekee mlangoni, nikawa nasema "shikamoo" kwa kupindua shingo. Ninyi mnaokwenda kuwajulia hali wagonjwa wa miguu, tafadhali ingieni na kumwambia mapema, "usijisumbue, baki ulivyo." Mgonjwa anayeteremsha mguu mara kumi kwa siku kuwapokea wageni jioni analipia heshima hiyo kwa sentimita nzima ya uvimbe. Tena mto usiwekwe chini ya goti. Unaweka raha, lakini goti linazoea kukaa limepinda, na goti lisilonyooka linakupa mwendo wa kuchechemea wa maisha. Mto ukae chini ya kisigino na muundi.

Kisha yako maji ya moto. Shangazi yangu, Mungu amweke, alifika siku ya nne na birika, taulo na chupa ya mafuta ya karafuu. "Lete mguu huo nikukande." Nikamwambia, "Shangazi, shikamoo kwanza. Mguu huu kwa sasa ni wa barafu." Alininunia mpaka magharibi. Lakini kidonda kibichi na goti lililojaa damu na maji havitaki moto wala kuchuliwa kwa nguvu. Joto linafungua mishipa, uvimbe unaongezeka, na shavu la mguu likichuliwa huku kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, donge hilo laweza kung'oka na kusafiri hadi mapafuni.

Barafu nayo isiabudiwe. Daktari wa Kimarekani, Gabe Mirkin, ndiye aliyeeneza mwaka 1978 ule utaratibu wa kupumzisha, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na kupumzika kabisa huenda vikachelewesha kupona. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, barafu inapunguza maumivu, na maumivu yakipungua mazoezi yanafanyika. Mimi hilo linanitosha. Nilikuwa natuma mtoto kwa jirani anayeuza barafu za mifuko, tunaifunga katika kipande cha kanga, dakika 15 au 20, basi. Ikigusa ngozi moja kwa moja inaunguza kama pasi. Umeme ukikatika, hakuna barafu, unainua mguu, unachezesha kifundo juu na chini na kuvuta subira.

Sasa turudi kwenye nauli. Katika ukumbi wa mazoezi tulikuwa tunakutana watu wale wale, kila Jumatatu na Alhamisi. Alikuwepo kijana wa bodaboda aliyeshonwa kano ya goti. Operesheni yake ilichangiwa na kijiwe kizima, vijana wale walitoa mpaka pesa ya mafuta. Alikuja mara tatu. Safari ya nne hakuonekana, wala ya tano. Kwake hadi pale ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na mwenye magongo saa za asubuhi hapati hata pa kusimama, hivyo alikuwa akichukua bajaji. Aliporudi baada ya wiki tano goti lilikuwa limekakamaa, halinyooki na halikunji, na yule binti alipoligusa kijana alilia mbele yetu bila kuficha. Bado ana umri wa miaka 24. Sasa anaambiwa huenda arudi tena kwa daktari, akalazwe usingizi, goti lilegezwe. Kijiwe kinaitisha mchango wa pili, na utazidi nauli ya miezi mitatu mara nyingi.

Mimi mwajiriwa nina nafuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Dereva wa bodaboda, mama lishe, fundi wa gereji, hao sheria hiyo haiwagusi. Siku ya mazoezi kwao ni siku ya njaa. Mabingwa wa mifupa tunao, Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili ipo tangu mwaka 1996, na KCMC kule Moshi inafundisha wataalamu wa tiba ya viungo kwa miongo kadhaa. Ila mtaalamu hawezi kumfanyia mazoezi mtu aliyebaki Mbagala.

Mashabiki wa kandanda watamkumbuka Ronaldo wa Brazil. Aliumia goti Novemba 1999, akapasuliwa Paris, akarudi uwanjani Aprili 2000. Dakika chache tu, kano ya chini ya pia ikakatika yote, mbele ya kamera. Wapo wanaosema aliharakishwa na wapo wanaokataa, mimi si daktari wa kuamua. Ninalojua ni kwamba safari ya pili alikaa nje ya uwanja zaidi ya mwaka, akifanya kazi isiyopigiwa makofi na mtu, na mwaka 2002 akafunga mabao manane katika Kombe la Dunia, mawili yakiwa ya fainali dhidi ya Ujerumani.

Jambo moja la haraka kwa wenye wagonjwa nyumbani. Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na kuuma, au mgonjwa akabanwa pumzi ghafla, au akapata homa na kidonda kikawa chekundu na kutoa usaha, msisubiri tarehe ya kliniki wala kunipigia mimi simu. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Ama mjomba wangu wa Morogoro, aliyeuliza juzi atume kiasi gani sasa na operesheni imekwisha, nimemjibu hapo hapo. Yule kijana ana safari mbili kwa wiki, bajaji kwenda na kurudi, miezi mitatu. Nimempigia hesabu, nimemtumia namba ya kijana. Jana jioni ameniambia ametuma ya mwezi wa kwanza.