Madarasa Mawili Mlango Mmoja: Mlandege na Kidato cha Kwanza cha 2028

Mada kwa wazazi na walezi wa Kata ya Mlandege, Manispaa ya Iringa



Idadi ya wanafunzi haipandi kwa bahati. Huongezwa na watoto wanaozaliwa, na huongezwa pia na sera. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 941,238 katika Mkoa wa Iringa. Ya 2022 ilihesabu 1,192,728, ongezeko la zaidi ya robo katika miaka 10.

Kwa upande wa sera, ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Mwaka huo watoto zaidi ya milioni 2 waliandikishwa darasa la kwanza nchini. Kundi hilo lilipaswa kumaliza darasa la saba mwaka 2022, lakini waliofanya mtihani wa mwisho mwaka huo walikuwa 1,350,881. Wapo waliokariri darasa, na wapo walioacha shule. Kuandikishwa ni jambo moja. Kumaliza ni jambo jingine.

Sasa linakuja wimbi kubwa zaidi. Kwa sera mpya ya elimu, shule ya msingi itakuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima miaka 10. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 atamalizia darasa la sita mwaka 2027. Aliyemtangulia kwa darasa moja atamaliza la saba mwaka huohuo. Hivyo Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja.

Chukueni mfano wa shule inayopokea mikondo mitatu ya wanafunzi 40, yaani 120. Wakija 240, vinahitajika vyumba vitatu zaidi, na viti na meza 120 zaidi. Kwa kiwango cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, ikiwa nusu yao ni wasichana, yanahitajika matundu sita ya nyongeza. Tena wimbi hilo halipiti kwa mwaka mmoja: litakuwa kidato cha pili mwaka 2029, na cha nne mwaka 2031.

Mlandege ni kata ya mjini, nyumba zimekaribiana na ardhi ya kujengea ni haba. Kwa hiyo maandalizi yanaanza na hesabu sahihi. Mzazi anayehamia au kuhama na amjulishe mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu. Asiye na cheti cha kuzaliwa cha mtoto akishughulikie mapema. Mikutano ya mtaa inayojadili ujenzi ihudhuriwe, kwa maana asiyekuwapo hana sauti.

Jambo la mwisho ni zito. Binti anayepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani hupungua kwenye orodha ya shule bila kelele. Chumba kilichojengwa kwa ajili yake hubaki na kiti kitupu. Tangu Novemba 2021 aliyekatisha masomo, hata kwa ujauzito, anaruhusiwa kurudi. Mlango huo uko wazi. Kinachohitajika ni mzazi wa kumshika mkono na kumrudisha.