Nchi Jirani: Mti Mdogo wa Kaya Ribe na Walinzi Wake



Mwaka 2022 Martin Cheek, mtaalamu wa mimea katika Bustani ya Kew mjini London, pamoja na wenzake, walitangaza kuwapo kwa mimea miwili ambayo sayansi haikuwa imeipa jina. Yote miwili ni miti midogo ya porini, ya jamaa ya mtopetope na mstafeli. Mmoja umepatikana katika msitu wa Kaya Ribe, huko pwani ya nchi jirani ya Kenya. Wa pili umepatikana katika Milima ya Udzungwa, hapa Tanzania. Mimea hiyo ilikuwa ngeni kiasi kwamba haikuweza kuingizwa katika jenasi yoyote iliyojulikana. Ikalazimu iundwe jenasi mpya, nayo ikaitwa Lukea, kwa heshima ya Quentin Luke, mtafiti aliyetumia miaka mingi kuichunguza misitu ya Afrika Mashariki. Mti wa Kenya ukaitwa Lukea quentinii, na wa Tanzania Lukea triciae.

Yafaa kueleza jinsi mmea unavyopewa jina, kwa kuwa kazi hiyo haiko mbali na kazi ya mpelelezi. Mtafiti hukata tawi lenye maua au matunda, hulibana katika karatasi mpaka likauke, kisha huandika mahali lilipopatikana, tarehe, na jina la aliyelichukua. Tawi hilo huwa kielelezo. Hulinganishwa na vielelezo vingine vilivyohifadhiwa, kimoja baada ya kingine, mpaka ithibitike kwamba hakuna kinachofanana nacho. Katika Lukea, alama iliyoutofautisha mmea na ndugu zake ni kitako cha ua. Kitako hicho kimetanuka mfano wa bakuli bapa, na majani madogo ya nje ya ua yamepangwa kwenye ukingo wake, nayo hayadondoki hata tunda linapokua. Hadi mwisho wa mwaka 2011 sheria za kimataifa za majina ya mimea zilitaka maelezo ya mmea mpya yaandikwe kwa Kilatini. Tangu mwaka 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Lakini sharti la kielelezo halikuguswa. Bila kielelezo hakuna jina, kama ambavyo mahakamani shtaka lisilo na ushahidi haliwezi kusimama.

Katika Afrika Mashariki hazina kubwa ya vielelezo hivyo iko Nairobi, lakini mwanzo wake ni Amani, katika Milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Mwaka 1950 vielelezo vilihamishiwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mali nyingi za pamoja ziligombaniwa na kugawanywa. Mimea yenyewe haikuwa na habari ya mpaka. Kutoka Kaya Ribe mpaka Udzungwa ni zaidi ya kilomita 500, na bado miti hiyo miwili ni ya jenasi moja. Asili yake ni ya kale kuliko dola zote zilizopata kutawala katika sehemu hizi.

Swali la maana zaidi ni hili: msitu mdogo kama wa Kaya Ribe, ulio katikati ya mashamba na makazi ya watu, umewezaje kuuhifadhi mti huo hadi leo? Haukuhifadhiwa kwa bunduki wala kwa seng'enge. Kaya ni maskani za zamani za Wamijikenda, watu wa makabila tisa ya pwani, ambao masimulizi yao yanasema walitoka Singwaya, upande wa kaskazini. Walijenga ndani ya misitu minene ili iwe boma dhidi ya maadui. Njia za kuingilia zilikuwa chache, na malango yalilindwa. Ndani ya kaya kulizikwa fingo, kinga ya jamii nzima. Baadaye watu walihama wakajenga nje, lakini misitu ikabaki kuwa mahali pa makaburi na matambiko. Wazee wa kaya wakaendelea kushika amri: mti haukatwi, mifugo haichungwi humo, na mgeni hapiti ila kwenye njia iliyoruhusiwa. Kwa hiyo ngome iliyowekwa kwa ajili ya ulinzi wa watu ikawa pia ngome ya mimea.

Serikali ya Kenya ilitambua jambo hilo. Kuanzia mwaka 1992 ilitangaza misitu mingi ya kaya kuwa kumbukumbu za taifa chini ya ulinzi wa sheria. Mwaka 2008 Shirika la UNESCO liliiingiza misitu kadhaa ya kaya, Ribe ikiwamo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Na mwaka huohuo wa 1992 Tanzania ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa.

Hata hivyo, watafiti walipoitangaza miti hiyo miwili, waliitangaza papo hapo kuwa imo katika hatari ya kutoweka. Katika pwani ya Kenya ardhi ina bei kubwa, na miti hukatwa kwa nguzo, kuni na makaa. Msitu ukiwa mdogo, uharibifu wa wiki chache unaweza kumaliza kilichodumu kwa karne nyingi. Tena liko jambo zito zaidi. Katika Kaunti ya Kilifi, ambako Kaya Ribe ipo, wazee wengi wameshambuliwa na wengine kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi chanzo cha kweli kimekuwa ugomvi wa ardhi ndani ya jamaa. Mzee akiogopa kuonekana na mvi zake, nani atawafundisha vijana amri za kaya? Hapo kazi ya polisi na uhai wa msitu ni jambo moja. Anayemlinda mzee asiye na hatia, analinda pia kile ambacho mzee huyo anakilinda.

Huenda mtu akauliza: mti mdogo usio na mbao wala tunda la sokoni una faida gani hata ulindwe? Jibu liko katika kisiwa cha Madagaska. Huko asili yake ni ua dogo ambalo watu wengi hulipanda uani kama pambo tu. Katika majani yake zilipatikana dawa ambazo mpaka leo zinatumika kuwatibu watoto wenye saratani ya damu. Haimaanishi kwamba Lukea nayo ni dawa. Maana yake ni kwamba kilichopotea kabla ya kuchunguzwa hakiwezi kuchunguzwa tena.

Kwa askari wa Tanzania, habari hii ya jirani ni ya nyumbani pia. Nusu ya jenasi hiyo iko Udzungwa, na hifadhi za taifa sasa zinalindwa na askari wa jeshi usu. Askari aliye katika doria hawezi kulijua jina la kila mti. Hatakiwi kulijua. Anachotakiwa ni kufahamu kwamba katika lindo lake vimo vitu ambavyo havijaandikwa popote, na kwamba gari la makaa analoliachia lipite usiku kwa kupokea kitu kidogo huenda limebeba mti ambao duniani haupo mwingine. Wazee wa Kaya Ribe walishika zamu yao vizazi kwa vizazi bila mshahara na bila kujua jina la Kilatini la mti waliokuwa wakiulinda. Askari mwenye sare, kiapo na sheria mkononi ana sababu kubwa zaidi ya kuishika zamu yake.