Uwezo wa Kukagua: Zana za Mtandaoni na Lugha Asilia za Biblia



Katika karne ya tatu, mwanazuoni Origen, mzaliwa wa Aleksandria nchini Misri, aliipanga Biblia ya Kiebrania katika safu sita. Ya kwanza ilikuwa Kiebrania chenyewe. Ya pili ilikuwa Kiebrania hichohicho kwa herufi za Kigiriki, ili asiyejua herufi za Wayahudi aweze kutamka. Nne zilizobaki zilikuwa tafsiri za Kigiriki zilizokuwapo wakati ule, Septuaginta ikiwa mojawapo. Kazi hiyo, iitwayo Heksapla, ilikuwa kubwa mno, na leo tumebakiwa na vipande tu. Wakristo na Wayahudi walikuwa wakibishana kwa kutumia maandiko yasiyolingana, na Origen alitaka anayebishana aone kwanza kila upande unasoma nini.

Leo safu za aina hiyo, na nyingine nyingi, zinaingia katika simu ya mwanafunzi yeyote aliyemo ukumbini humu. Hoja yangu jioni hii ni moja: zana za mtandaoni zimetupa uwezo wa kukagua tunayoambiwa, na tunayoyasema sisi wenyewe, kuhusu Biblia. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Anayezifungua ili aipambe hotuba yake kwa Kigiriki ameiacha kazi hiyo.

Tuangalie kwanza tulicho nacho. STEP Bible, iliyoandaliwa na Tyndale House ya Cambridge, ni bure. Ukigusa neno la Kiebrania au la Kigiriki unaonyeshwa kidahizo chake, maana zake, na kama ni kitenzi, njeo, kauli na nafsi yake. Toleo lake la kupakua hufanya kazi bila intaneti, nafuu kubwa kwa mchungaji ambaye bando lake huisha kabla ya mwezi. Kwenye Chuo Kikuu cha Vrije, Amsterdam, kikundi kilichoanzishwa na Eep Talstra mwaka 1977 kimeichanganua Biblia ya Kiebrania hadi ngazi ya kishazi, na data yake iko wazi kwa watafiti. Tangu mwaka 2009, Codex Sinaiticus, hati ya karne ya nne ambayo kurasa zake zimegawanyika kati ya London, Leipzig, St. Petersburg na monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, imekusanywa tena mtandaoni, picha ya kila ukurasa pamoja na maandishi yake. Ukitaka kujua kwa nini Biblia nyingi huweka mabano au maelezo katika mwisho wa Injili ya Marko, huna haja ya kumwamini mtu. Fungua ukurasa huo, nawe utaona kwamba katika hati hii Marko anaishia mstari wa 8 wa sura ya 16.

Sasa tukague jambo moja linalosemwa sana mimbarani: kwamba kwa Kigiriki *agape* ni upendo wa kimungu usio na masharti, na *fileo* ni upendo wa kirafiki tu. Tafuta kila mahali maneno hayo yanapotokea, Septuaginta ikiwamo. Katika 2 Samweli 13, *agape* ndilo neno lililotumika kutaja mapenzi ya Amnoni kwa Tamari, dada yake, ambaye Amnoni alimnajisi. Katika 2 Timotheo 4:10, kitenzi cha mzizi huohuo kinamweleza Dema aliyeupenda ulimwengu huu akamwacha Paulo. Tena Yohana anasema mara mbili kwamba Baba anampenda Mwana: katika 3:35 kwa kitenzi cha *agape*, katika 5:20 kwa *fileo*. Dai lile halisimami. Upendo wa Mungu haupungui kwa ugunduzi huu hata kidogo, maana tunaujua kwa yale ambayo Maandiko yanasimulia kwamba Mungu ametenda. Kilichoanguka ni hoja dhaifu iliyokuwa ikiuegemea.

Zana zenyewe nazo zina mipaka yake, na lazima zikaguliwe. Mtego wa kwanza ni kwamba kila uchanganuzi unaoonekana kwenye kioo ni uamuzi wa mtu. Katika Yohana 14:1 kitenzi cha kuamini kinatokea mara mbili kwa umbo lilelile, na umbo hilo kwa Kigiriki laweza kuwa taarifa au amri: Yesu anawaambia wanafunzi kwamba wanamwamini Mungu, au anawaagiza wamwamini? Kwa kawaida programu itakuonyesha jibu moja bila kukuambia kwamba wafasiri wametofautiana. Asiyejua sarufi hatajua kwamba hapo kuna swali la kuuliza.

Mtego wa pili ni kamusi. Namba zinazotumika katika zana nyingi ni za James Strong, aliyetoa itifaki yake, yaani faharasa ya maneno ya Biblia, mwaka 1890. Kila namba hufuatwa na orodha ya maneno ya Kiingereza yaliyotumika katika tafsiri ya King James ya mwaka 1611. Msomaji huipitia orodha, huchagua neno linalompendeza, kisha hulipachika katika mstari wake kana kwamba neno hubeba maana zake zote kila liendapo. Wengine huchimba mizizi ya maneno wakitafuta maana humo. Sisi wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kuliona kosa hili upesi: kitabu, katibu na maktaba vina mzizi mmoja wa Kiarabu, ambao ni ndugu wa mzizi wa Kiebrania wa kuandika, lakini hakuna anayejifunza kazi ya katibu wa kijiji kwa kulichunguza neno kitabu. Mtaalamu wa Biblia James Barr aliandika juu ya jambo hili mwaka 1961, na onyo lake bado linahitajika.

Hapo ndipo penye jukumu letu. Mhubiri wa Kigoma au wa Bukavu anayetaka kumsoma Paulo leo huondoka katika Kiswahili, hupita kwenye Kiingereza cha karne nyingi zilizopita, ndipo akifikie Kigiriki. Njia hiyo ni ndefu bila sababu. Kiswahili kina istilahi za sarufi zilizokomaa, na mnyambuliko wa vitenzi vyake umemzoesha msemaji kuona nafsi, njeo na kauli ndani ya neno moja, jambo ambalo mwanafunzi msemaji wa Kiingereza hulitolea jasho anapoanza Kiebrania.

Kazi ya kuanzia inawezekana. Agano Jipya la Kigiriki lina maneno yapatayo 138,000, lakini maneno 300 na kitu, yale yanayotokea mara 50 au zaidi, ndiyo yanayobeba takriban asilimia 80 ya matini yote. Naomba idara ya Kiswahili na idara ya theolojia za chuo hiki zikae pamoja mwaka huu wa masomo, ziyaandikie maneno hayo fasili za Kiswahili, kila fasili ikiambatana na mistari inayoithibitisha na ile inayoitatiza, kisha ziitoe kamusi hiyo bure, iunganishwe na matini huria zilizopo. Vyuo vya Biblia viifundishe pamoja na sarufi. Na waumini wakiwauliza wahubiri wao wameyapata wapi wanayoyasema, wahubiri wawe tayari kufungua ukurasa na kusoma pamoja nao.