Daftari la Mvuvi na Tasnifu ya Mwanachuoni



Desturi ya mhadhara wa namna hii ni kwamba mhadhiri aanze kwa kuisifu taaluma yake na kuieleza tarehe yake tangu asili. Naomba ruhusa niiache desturi hiyo, kwani waliohudhuria wanajua kwamba chuo cha wanyamapori cha Mweka kilianza mwaka 1963, wanajua kazi ya TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na wanajua kwamba kibali cha utafiti hutafutwa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kabla mtu hajafunga mzigo wake. Lililonisimamisha hapa ni kauli ya mwenzetu mmoja, mtu wa elimu na heshima ambaye sitamtaja, aliyoitoa katika kikao cha kupima mapendekezo ya utafiti wa uzamili. Binti mmoja alikuwa ameomba kutafiti kasa wa pwani kwa kutumia kumbukumbu za wavuvi. Akajibiwa kwamba habari za mitaani hazizai shahada, na kwamba kama hana fedha za vyombo vya kuwafuatilia kasa kwa setilaiti, basi heri abadilishe mada. Nilipotaka kupinga niliambiwa kwamba muda umekwisha. Leo muda ninao.

Hoja ya mwenzetu, nikiifanyia insafu, ina sehemu tatu: kwamba raia asiyesoma zuolojia hukosea anapomtaja mnyama aliyemwona, kwamba raia haendi kwa mpango, bali huona pale anapopita, na pale asipopita hana habari napo, na kwamba raia ana maslahi yake, na mwenye maslahi huzidisha au hupunguza.

Tuanze na hili la kukosea, maana ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa kuliko yote na ndilo lenye ithibati haba kuliko yote. Mwaka 2010 watafiti walianza kutega katika Serengeti kamera zilizofikia 225, katika eneo la kilomita za mraba 1,125, na kamera hizo, ambazo hujipiga zenyewe mnyama anapopita mbele yake, zikaleta picha nyingi kiasi ambacho mwanafunzi wa uzamivu asingezimaliza hata kama angejaaliwa umri wa Nuhu. Picha zikawekwa kwenye intaneti, na watu zaidi ya 28,000, wakiwa majumbani mwao katika pembe mbalimbali za dunia, wakazitazama na kuwataja wanyama waliomo. Kazi hiyo haikutegemea uhodari wa mtu mmoja mmoja. Picha moja ilionyeshwa watu wengi wasiojuana wala kushauriana, na jibu la walio wengi ndilo lililoandikwa. Kisha zikachukuliwa picha zaidi ya 3,800 zilizokwisha kutambuliwa na mabingwa, zikalinganishwa: katika kutaja aina ya mnyama, jibu la umma lilikuwa sahihi kwa takriban asilimia 97, na katika kuhesabu idadi, kwa asilimia 90. Fauka ya hayo, kosa lenyewe lilijionyesha, kwa kuwa pale watazamaji wasipoafikiana mtafiti huiona hitilafu hiyo katika hesabu zake, akaenda kuikagua picha kwa macho yake. Namwomba mwenzetu atuonyeshe bingwa mmoja ambaye, pamoja na jibu lake, hutoa pia kipimo cha shaka yake.

Walakini hata hao wa Serengeti waliiuliza nusu tu ya dunia, maana aliyeketi mbali huiona picha, ilhali anayekaa kando ya msitu humwona mnyama. Wawindaji wa Kinyakyusa katika mlima Rungwe walikuwa wakimtaja kipunji, kima wa msitu wa juu, kabla ya watafiti kumwona mwaka 2003 na kumtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005; na watafiti hao walifika kwa kufuata masimulizi ya wawindaji, ingawa mwanzoni hawakuwa na yakini kama mnyama huyo ni wa damu na nyama au ni wa ngano.

Sasa nije kwenye hoja ya maslahi, kwa njia ya karatasi moja ambayo, laiti ningekuwa na mamlaka, ningeitundika ukutani katika ofisi ya kila msimamizi wa tasnifu. Mnajua kwamba mnamo Desemba 1938 alivuliwa karibu na East London, Afrika Kusini, samaki aitwaye silikanti, ambaye jamaa zake walidhaniwa kutoweka tangu miaka takriban milioni 66 iliyopita. Kwamba Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo ndiye aliyeitambua ajabu yake. Na kwamba Profesa J.L.B. Smith alimpa jina Latimeria chalumnae. Lakini matumbo ya samaki huyo yalikuwa yamekwisha kutupwa, na Smith akakaa miaka 14 akimtamani wa pili. Katika muda huo alichapisha karatasi yake, akaisambaza katika pwani za mashariki ya Afrika.

Itazameni ilivyotungwa. Juu kuna picha ya samaki, na ahadi ya zawadi katika lugha tatu: Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Haimwambii mvuvi habari za zama za kale wala nasaba ya viumbe. Inamwonyesha mkia na mapezi, yaani mambo ambayo jicho la mvuvi huyaona kabla ya jicho la profesa. Inamkataza kumpasua au kumsafisha samaki kwa namna yoyote, inamwagiza ampeleke mzima kwenye ghala la baridi au kwa afisa wa kuaminika, inamwambia apelekewe nani habari, na inamwahidi pauni 100 kwa kila mmoja wa samaki wawili wa kwanza, ikitaja wazi kwamba chuo kikuu na baraza la sayansi ndio wadhamini wa fedha hizo. Utazame nini, ukimpata ufanye nini, umpeleke kwa nani, nawe utapata nini: mambo manne katika ukurasa mmoja, na nimesoma miradi ya kurasa 80 ambayo haikufika hata kwenye la pili. Ina aibu moja tu, nayo ni kwamba haikuandikwa kwa Kiswahili wala kwa Kikomoro, ingawa wavuvi iliowatafuta walisema lugha hizo.

Mnamo Desemba 1952 Ahamadi Abdallah, mvuvi wa Domoni katika kisiwa cha Nzwani, alimvua samaki huyo kwa mshipi, akampeleka sokoni kama ampelekavyo samaki yeyote, kwani Wakomoro walikuwa wakimjua tangu hapo na kumwita gombesa. Samaki huyo alikuwa karibu kukatwa vipande wakati mwalimu mmoja wa skuli, aliyekuwa ameiona karatasi, alipomkumbuka. Wakamchukua kuvuka milima mpaka Mutsamudu, kwa nahodha Eric Hunt, ambaye alimtia chumvi na kumpelekea Smith simu ya maandishi. Smith akamwomba Malan, waziri mkuu wa Afrika Kusini, ndege ya jeshi, akaruka mpaka Komoro, na alipomwona samaki, kwa kauli yake mwenyewe, akalia.

Basi mwenzetu anayeogopa maslahi na atuambie: pauni 100 zilimharibu samaki yule, au zilimwokoa na kisu? Wala sisemi kwamba maslahi hayana hatari. Kumvua kasa ni kosa la jinai, na mvuvi aliyenasa kasa jarifeni ana sababu njema ya kunyamaza. Anayekusanya ushahidi bila kuliweka hilo akilini atahesabu ukimya wa hofu kama uchache wa kasa. Lakini dawa ya hofu ni amana, nayo hujengwa na mtafiti anayekaa kijijini, anayerudi, na asiyepeleka majina polisi.

Imebaki hoja ya mpango, na hii nakiri kwamba ni nzito. Raia huripoti ndege wa kando ya barabara kuliko wa ndani ya pori, naye huripoti wa ajabu akawaacha wa kawaida. Wenye kuchora ramani za ndege wamelijua jambo hili zamani: katika mradi wa Afrika ya Kusini ulioanza mwaka 2007, na katika ule wa Kenya ulioufuata mwaka 2013 kwa kanuni zile zile, nchi hugawanywa katika miraba ya dakika tano za latitudo kwa tano za longitudo, na mtazamaji hutakiwa kukaa humo walau saa mbili akiandika kila ndege, ili ijulikane si aliona nini tu, bali alijitahidi kiasi gani. Mraba ukizuriwa mara nyingi, hesabu huweza kutenganisha kutoonekana na kutokuwapo, mambo mawili ambayo wasomi wengi huyachanganya.

Nami nimeyaona masharti hayo yakitimizwa na mtu ambaye hakuna aliyemfundisha. Katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga mzee mmoja alinionyesha daftari la skuli la miraba, limekwisha ganda kwa chumvi, aliloliandika kwa hati za Kiarabu na kulipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza ni tarehe ya mwezi mwandamo. Ya pili ni bamvua au maji mafu. Ya tatu ni upepo. Ya nne ni mahali jarife lilipotandwa na saa lilipopandishwa. Ya tano ni kilichonaswa, na humo ng'amba ameandikwa mbali na kasa wa kawaida, ambao katika taarifa nyingi za ofisini huwekwa fungu moja. Lakini kilichonishangaza ni kwamba siku asizopata kitu nazo zilikuwamo, kila moja na safu zake zote, na mwishoni pameandikwa "hapana". Nikamwuliza faida yake. "Mwalimu," akasema, "siku ya bure nayo ni siku. Nikiiacha, nitakuja kudhani bahari ilinipa kila nilipotoka."

Katika daftari hilo juhudi imepimwa, kutoonekana kumeandikwa, na mahali pamerudiwa, ambayo ndiyo yote anayoyadai mtu wa takwimu. Basi nyinyi wanafunzi mnaolalamika kwamba fursa za utafiti zimekwisha, au kwamba ziko ng'ambo tu, nawauliza: nani ameyakusanya madaftari haya, akazigeuza tarehe za Hijria, akayalinganisha na doria za fukweni, akatoa uwezekano wa kasa kuonekana katika kila majira? Nani amekaa na wavuvi wa jarife wa Tanga, ambao ndio waliowanasa silikanti tangu mwaka 2004 hata ikatengwa Hifadhi ya Bahari mwaka 2009, akaandika kina na mahali kwa vinywa vyao? Huko Mafia, ambako kila papa aitwaye potwe hutambulikana kwa madoa ya ubavuni mwake, picha ya msafiri yeyote yenye tarehe ni ushahidi, na anayezipanga anaweza kujua nani amerudi na nani hakurudi. Mada hizi zinadai nauli, subira, na lugha ambayo tayari mnayo.

Nimalizie kwa neno ambalo wenzangu huliita ukaidi wangu. Yule samaki wa Nzwani Smith alimwita Malania anjouanae, kwa heshima ya waziri mkuu aliyetoa ndege, huyo Malan ambaye serikali yake ilikuwa ikiwatenga watu kwa rangi zao. Wataalamu baadaye wakambaini kuwa ni Latimeria yule yule, na jina la Malan likaanguka. Ahamadi Abdallah alipata fedha yake, lakini katika jina la kitaalamu hakuwamo tangu mwanzo. Nimeambiwa kwamba kumtaja mvuvi ni kumhatarisha, na kwamba kutaja ufuko ni kuwaongoza wezi wa mayai. Yote mawili ni kweli, na pengine majina ya fukwe hayana budi kufichwa. Lakini kuficha jina la mtu ni haki ya mtu mwenyewe, si urahisi wa mtafiti. Kwa hiyo nawasilisha mbele ya Seneti pendekezo hili: tasnifu yoyote iliyojengwa juu ya ushahidi wa raia isipokelewe kutahiniwa mpaka mwandishi athibitishe kwamba aliwasomea wenyewe matokeo kwa lugha yao, na kwamba kila mmoja aliulizwa kama anataka jina lake liandikwe; na aliyesema ndiyo, na aandikwe katika ukurasa wa kwanza, juu ya jina la msimamizi.