Mlinzi na Baragumu: Fundisho la Bhopal



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri ya Walei, makatekista, na ninyi nyote mnaozisimamia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: katika sura ya 33 ya kitabu chake, Nabii Ezekieli anafananishwa na mlinzi wa mji. Mlinzi anayeiona hatari akanyamaza atadaiwa roho za waliopotea. Lakini mlinzi aliyepiga baragumu akapuuzwa, hana hatia. Lawama inawaangukia waliosikia wasijali.

Mara nyingi tumeihubiri sehemu ya kwanza ya mafundisho hayo, yaani wajibu wa kinywa. Leo tunataka kuitafakari sehemu ya pili, yaani wajibu wa masikio. Ili tusizungumze hewani, tutautazama mji mmoja wa India, ambako mlinzi alikuwapo, baragumu lilipigwa, na masikio hayakupatikana. Tutafuata njia tuliyoizoea: kuona, kupima na kutenda.

TUONE

Bhopal ni makao makuu ya jimbo la Madhya Pradesh, katikati ya India. Mwaka 1969 kilifunguliwa huko kiwanda cha dawa za kuulia wadudu waharibifu wa mazao. Mwenye zaidi ya nusu ya hisa alikuwa kampuni ya Kimarekani, Union Carbide. Tusiwe wepesi wa kuhukumu: India ya miaka ile ilikuwa imeonja njaa, serikali yake ilitaka mavuno yaongezeke, na vijana walihitaji kazi. Kiwanda kilipokewa kama baraka. Lakini tangu 1980 kilianza kutengeneza hapo hapo kemikali iitwayo methili isosayaneti, sumu inayounguza macho na mapafu, na ambayo ikiingiwa na maji huchemka kwa ukali. Kemikali hiyo ilihifadhiwa katika matangi makubwa, na ng'ambo ya ukuta palikuwa na mitaa ya mabanda yenye maelfu ya maskini.

Mwezi Desemba 1981 mfanyakazi mmoja alivuta gesi ya fosjini humo kiwandani akafa. Alikuwa na rafiki mwandishi wa habari, Rajkumar Keswani. Huyu hakuwa mtu wa cheo. Alikuwa akiendesha gazeti lake dogo la kila wiki kwa lugha ya Kihindi, liitwalo Rapat, lenye wasomaji wachache tu. Kifo cha rafiki hakikumwachia usingizi. Alihoji wafanyakazi, akasoma vitabu vya kemia ambavyo hakuvizoea, akatafuta taarifa za ukaguzi. Mwezi Septemba na Oktoba 1982 alichapisha makala mfululizo akiwaomba wakubwa wauokoe mji, na akaandika kwamba Bhopal imeketi juu ya mdomo wa volkano.

Hakuwa peke yake. Mwezi Mei mwaka ule ule wakaguzi waliotumwa kutoka Marekani na kampuni yenyewe walikuwa wamekwisha kuorodhesha kasoro nyingi za usalama, na chama cha wafanyakazi nacho kilikuwa kikilalamika. Mlinzi alimwandikia Waziri Kiongozi wa jimbo. Hakupata jibu la maana. Suala lilipofika katika bunge la jimbo mwezi Desemba 1982, waziri wa kazi alieleza kwamba mamilioni ya rupia yalikwisha kuwekezwa, kwamba kiwanda si jiwe dogo la kuhamishwa, na kwamba hakuna hatari yoyote. Gazeti lile dogo likafungwa. Keswani hakukata tamaa: mwezi Juni 1984 alirudia onyo lake katika gazeti kubwa la Jansatta, linalosomwa katika nchi nzima. Kimya.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 maji yaliingia katika tangi namba 610. Tani zipatazo 40 za sumu zikachemka na kutoka, zikatambaa juu ya mji uliolala. Mtambo wa kuipoza kemikali ulikuwa umezimwa tangu miezi kadhaa nyuma. Mnara wa kuiunguza gesi inayovuja haukuwa tayari, kwa maana bomba lake lilikuwa limeondolewa. Na king'ora cha kuwaonya wananchi kililia kwa dakika chache tu kikazimwa. Tuone uchungu wa jambo hili: miaka 2 mji ulilikataa baragumu la mwandishi, na usiku ule hata baragumu la kiwanda likanyamazishwa. Watu waliamka wakikohoa, wakakimbia gizani pamoja na watoto wao, wengine wakikimbilia kule kule upepo ulikokuwa ukiipeleka gesi. Kitambaa kilichoroweshwa maji na kufunikwa usoni kingaliwasaidia wengi. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Hesabu ya serikali ilifikia watu 3,787 waliouawa na gesi ile. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yanahesabu maelfu mengi zaidi, kwa kuwajumlisha waliokufa polepole katika miaka iliyofuata. Zaidi ya watu 500,000 walivuta sumu hiyo.

TUPIME

Tunapopima, tunaona mizizi mitatu iliyosokotana: uchumi, siasa na mazingira. 

Kwanza, uchumi. Kiwanda hakikuua kwa sababu kilikuwa na faida kubwa mno, bali kwa sababu biashara ilikuwa imedorora. Dawa haikununuliwa kama ilivyotarajiwa. Basi gharama zikapunguzwa, wafanyakazi wenye ujuzi wakapungua, mafunzo yakafupishwa, matengenezo yakaahirishwa. Kampuni ilidai baadaye kwamba mfanyakazi mmoja alitia maji kwa makusudi. Hata tukiliacha dai hilo lilivyo, swali linabaki: ni nani aliyezima mtambo wa kupozea na kuuacha mnara bila bomba? Fedha iliyookolewa pale ilikuwa ndogo. Iliyolipwa badala yake ilikuwa pumzi ya watu.

Pili, siasa. Mwaka ule ule wa 1984 serikali ya jimbo iliwagawia wakazi wa mabanda hati za viwanja vyao, hata waliopakana na kiwanda. Maskini alifurahi kupata karatasi ya kuishi, asielezwe kinachoishi ng'ambo ya ukuta. Na baada ya maafa, sheria ya mwaka 1985 iliipa serikali peke yake haki ya kuwadai fidia wenye hatia kwa niaba ya wahanga. Madai yaliyoanza kwa zaidi ya dola bilioni 3 yalimalizika mwezi Februari 1989 kwa mapatano ya dola milioni 470, bila wahanga wenyewe kuulizwa. Wengi wa majeruhi walikabidhiwa rupia 25,000 kwa maradhi ya maisha yote. Mwenyekiti wa kampuni, Warren Anderson, alikamatwa siku chache baada ya maafa, akaachiliwa kwa dhamana, akarudi Marekani; alifariki mwaka 2014 bila kusimama mbele ya hakimu wa India. Mwaka 2010 mahakama ya Bhopal iliwatia hatiani Wahindi waliokuwa viongozi wa kampuni tanzu: miaka 2 gerezani, na dhamana siku ile ile. Mwezi Machi 2023 Mahakama Kuu ya nchi ililikataa ombi la kuongeza fidia.

Tatu, mazingira. Gesi ilipeperuka, lakini taka za kiwanda zilibaki zikizama ardhini, na maji ya visima vya jirani yakaonekana kuwa na sumu. Ilipita miaka 40 kabla ya takriban tani 337 za taka kuondolewa kiwandani, mwezi Januari 2025, na kupelekwa kuchomwa huko Pithampur. Na wananchi wa huko nao wakaandamana, wakiuliza kwa nini sumu ya jirani iletwe mlangoni kwao. Hivyo ndivyo sumu inavyosafiri: haimalizwi, inahamishwa kutoka kwa maskini mmoja hadi kwa mwingine.

Mafundisho ya Kanisa letu yanaiona mizizi hiyo. Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba yapo mali ya wote, kama vile mazingira, ambayo soko peke yake haliwezi kuyalinda, na kwamba ni wajibu wa dola kuyatetea. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kukisikia kilio cha ardhi na kilio cha maskini kuwa kilio kimoja. Tunaongeza neno moja tu: kilio huanza kuwa sauti ndogo. Kikisha kuwa kishindo, huwa tumechelewa.

TUTENDE

Wapendwa, ni rahisi kuwalaumu mawaziri wa mbali. Tujitazame wenyewe. Sisi makasisi tunakiri kosa letu kwanza. Amewahi kutujia mama mmoja, mjane, na chupa ya maji ya kijito yaliyogeuka rangi chini ya karakana fulani. Tulimsikiliza tukiwa tumesimama. Tulimwambia awe na subira, maana tuliona haya kumsumbua mtu aliyetuchangia bati za kanisa. Hatukumtukana wala hatukumfukuza. Tulimnyamazisha kwa upole. Leo tunajua kwamba upole ule ulikuwa dhambi ya masikio. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mwenyeji ana haki ya kumwuliza mgeni amebeba nini mzigoni.

Tujifunze kwa wanawake wawili wa Bhopal, Rashida Bee, Mwislamu, na Champa Devi Shukla, Mhindu. Wote wawili walivuta gesi ile na kupoteza ndugu. Walikutana katika kazi ya mikono ya kuwasaidia wahanga, wakaunda chama cha wanawake, wakaandamana kwa miguu hadi Delhi. Mwaka 2004 walitunukiwa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira, na fedha zake wakaanzisha taasisi ya kuwatibu watoto waliozaliwa na ulemavu katika familia za wahanga. Hawakuwa na elimu kubwa. Walikuwa na ukweli, na walikuwa pamoja.

Na baragumu halikupotea lote. Baada ya Bhopal, India ilitunga sheria ya kulinda mazingira mwaka 1986, na mwaka huo huo Marekani ilitunga sheria inayowapa wananchi haki ya kujua kemikali zilizohifadhiwa karibu na makazi yao. Haki ya kujua si fadhila ya mwenye kiwanda. Ni sehemu ya haki ya kuishi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kila jumuiya iteue watu wawili wa kupokea taarifa za hatari, kuziandika pamoja na tarehe, na kuzifikisha kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia. Kamati isilikatae jambo kwa sababu mleta habari ni maskini au hana cheo, ichunguze kwanza. Na parokia isipokee mchango wowote unaoifunga kinywa.

Rajkumar Keswani alifariki mwezi Mei 2021 kwa maradhi yaliyotokana na UVIKO-19. Ulimwengu ulikwisha kumsifu kwamba alisema kweli. Inasemekana sifa ni mshahara wa mwandishi. Lakini tunaamini kwamba mlinzi yeyote angependa kuonekana amekosea, mji ukabaki salama, kuliko kusifiwa juu ya makaburi. Tuwape walinzi wetu mshahara ulio bora zaidi: tuwasikie mapema.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu, ni nani anayelalamika kwa muda mrefu bila kusikilizwa? Analalamikia nini?

2. Je, tunajua ni dawa na kemikali gani zinazotumika au kuhifadhiwa karibu na nyumba, visima na shule zetu? Tungemwuliza nani?

3. Ni mara ngapi tumenyamaza kwa kumwogopa au kumwonea haya mfadhili?

4. Soma Ezekieli 33:1-9. Leo sisi ni akina nani katika habari hiyo: mlinzi, au watu wa mji?