Ng'ombe Aliye Bandani ni wa Nani?

Mada iliyotolewa kwa wafugaji na viongozi wa vijiji, Kimwani, Wilaya ya Muleba



Tumeombwa tuzungumze juu ya hali ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini mwetu na matatizo yanayoukabili. Huenda wengi wenu mlitazamia tuanze na kupe, chanjo na majani. Hayo tutayagusa, maana bila hayo hakuna maziwa. Lakini Tume ya Haki na Amani si idara ya mifugo, na bwana mifugo anayajua hayo kuliko sisi. Sisi tumekuja na swali ambalo katika semina nyingi haliulizwi: yule ng'ombe aliye bandani ni wa nani?

Kwanza tuitazame nchi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na ni nchi chache tu za Afrika zilizo na ng'ombe wengi kuliko sisi. Katika mwaka wa 2019/20 wizara ilikadiria kuwa maziwa yaliyopatikana yalikuwa kama lita bilioni 3. Idadi hiyo yaonekana kubwa. Lakini katika kila lita 100, zinazofika kiwandani hazizidi 5. Nyingine hunywewa nyumbani, huuzwa kwa jirani au kwa mchuuzi wa baiskeli, na nyingine humwagwa. Wizara yenyewe hutuambia kwamba mtu apaswa kupata lita 200 kwa mwaka, nasi kwa wastani hatujafika hata nusu yake. Ng'ombe tulio nao wengi mno ni wa asili, ambao humpa mkamuaji lita moja au mbili baada ya ndama kunyonya. Ng'ombe wa maziwa hasa, yaani chotara na wale wa damu ya kigeni, ni sehemu ndogo sana ya ng'ombe wote.

Serikali haikukaa kimya. Katika miaka ya 1970 liliundwa Shirika la Maziwa la Taifa, lililojulikana kwa herufi zake TDL, likawa na viwanda katika miji kadhaa, kuanzia Dar es Salaam hadi Musoma. Tunaomba mtusikilize vizuri hapa, kwa sababu watu husema viwanda vile vilikufa kwa uvivu wa wafugaji. La hasha. Kwa miaka mingi viwanda hivyo vilitegemea unga wa maziwa na mafuta ya siagi yaliyotoka Ulaya kama msaada, kwa njia ya Mpango wa Chakula Duniani. Unga ule ulichanganywa na maji ukauzwa mijini kwa bei nafuu. Kiwanda kinachopata unga wa bure kina haja gani ya kupeleka gari kijijini kutafuta lita 10 za mama mmoja? Msaada ulipopungua, viwanda havikuwa na mfugaji wa kuvilisha, na katika miaka ya 1990 vilifungwa au kuuzwa. Sheria ya Maziwa ilikuja mwaka 2004, na Bodi ya Maziwa baada yake.

Tanga walifuata njia nyingine. Huko wafugaji wadogo waliunda ushirika wao kwanza, wakajenga vituo vya kukusanyia maziwa, na katikati ya miaka ya 1990 wakaingia na wenzao wa Uholanzi katika kiwanda cha Tanga Fresh, wao wakiwa na hisa zao. Hatusemi kuwa Tanga hakuna matatizo. Tunasema tu kwamba pale mfugaji alitangulia na kiwanda kikafuata.

Sasa turudi kwetu Kagera. Hapa habari ya ng'ombe haikuanza na maziwa, ilianza na samadi. Kibanja cha migomba na kahawa huishi kwa mbolea, na wazee wetu walilijua jambo hilo kabla ya mtaalamu yeyote. Nyasi za rweya ziliingia tumboni mwa ng'ombe na kutoka zikiwa rutuba ya kibanja. Sotoka ilipopita mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafagia ng'ombe, haikuwaangamiza wanyama tu, bali ilikata mkondo huo wa rutuba, na nyumba nyingi hazikupata tena ng'ombe hadi leo. Asiye na ng'ombe aliona kibanja chake kikichoka mwaka hadi mwaka, huku cha jirani mwenye zizi kikinawiri. Ndugu zetu, ukosefu wa usawa katika Buhaya ulionekana kwa macho, katika unene wa mgomba.

Ndiyo maana mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe ulipokelewa kwa furaha. Kuanzia miaka ya 1980, mradi wa mifugo wa mkoa uliosaidiwa na Uholanzi ulizalisha mitamba chotara huko Kikulula, Karagwe, na kuwakopesha wakulima wadogo. Mashirika mengine na makanisa nayo yakafanya hivyo. Mkopaji halipi fedha. Humtunza mtamba, na mtamba aliyezaliwa humpa mwingine aliye kwenye orodha. Kwa maoni yetu ni mpango wa haki kuliko mingi tuliyoletewa, kwa sababu maskini hupokea kutoka kwa maskini mwenzake, na anayetoa hapungukiwi heshima.

Lakini tuhesabu kazi. Ng'ombe wa kufungiwa bandani hatembei kutafuta chakula; chakula humfuata yeye. Kwa siku ahitaji kilo 40 au zaidi za majani mabichi: matete, gwatemala, maganda na migomba iliyokatwakatwa. Tangu mnyauko wa migomba ulipoingia Wilaya ya Muleba mwaka 2006, hata migomba hiyo haipatikani kama zamani. Anayekamuliwa hunywa maji debe 2 hadi 3 kila siku. Mtoni ni wapi, na nani huyateka? Banda husafishwa, samadi hubebwa, kupe hutolewa. Baba ndiye aliyehudhuria mafunzo, jina lake ndilo lililo kwenye mkataba, na cheti kimetundikwa ukutani. Debe liko kichwani pa mama na watoto.

Maziwa ya asubuhi huuzwa, na yakiuzwa kwa mwezi fedha hupokelewa na mwenye jina. Maziwa ya jioni hayana mnunuzi, kwa kuwa gari au baiskeli haiji usiku na tangi la kupozea liko mbali. Hayo ndiyo ya nyumbani, na ndiyo ambayo mama huweza kumpa mtoto bila kuulizwa. Wataalamu husema upotevu wa maziwa ya jioni ni tatizo la miundombinu, na ni kweli. Hata hivyo, tunawaomba wanaopanga kuleta tangi la jioni wajiulize pia watoto watakunywa nini, na fedha ya jioni itashikwa na nani.

Haya yote yangevumilika kama mume na mke wangezeeka pamoja. Lakini mkoa huu umefiwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, hapa hapa Muleba. Tangu hapo nyumba nyingi zimebaki na mjane, bibi na yatima. Siku ya kuondoa tanga hutokea ndugu wa marehemu wakasema, ng'ombe huyu alikuwa wa kaka yetu. Humfungua kamba. Hapo mkopo huvunjika, kwa maana jirani aliyekuwa akingoja mtamba hatampata tena. Banda huoza, na kibanja kilichokuwa kimeanza kupata uhai huanza kukauka. Mjane hupoteza maziwa, mbolea na haki yake kwa siku moja. Ndigana kali huua ng'ombe mmoja, na siku hizi ina chanjo. Desturi hii huua mradi mzima.

Sheria inasemaje? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ilianza katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani kwetu, mwanamke alipouza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake na mpwa wake akapinga. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi hiyo ilipingana na Haki za Binadamu zilizo katika Katiba, na uuzaji ukathibitishwa. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi.

Mtaona pengo liko wapi. Kesi ya kwanza ni ya mke aliyeachwa, na sheria ya 1999 ni ya ardhi. Ng'ombe wa mjane hayumo. Yeye huangukia kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, zinazomwacha mjane bila fungu la urithi iwapo marehemu ana jamaa wa ukoo, kwa hoja kwamba atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, ikiamua malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania, iliitaka nchi yetu izirekebishe kanuni hizo. Hapa basi mke aliyepewa talaka ana mlango wa mahakama wa kubisha, na yule aliyemuuguza mumewe hadi kifo hafunguliwi. Tumejaribu kuitafuta hekima iliyo ndani yake, na hatujaiona.

Baadhi ya wazee watasema kwamba tunataka kuvunja ukoo. Tunawajibu kwa heshima kwamba ng'ombe wa mkopo hakutoka katika ukoo. Alitoka kwa jirani, na mpaka mtamba wa kwanza alipwe, ni wa jirani anayefuata.

Kwa hiyo tunayaomba mambo ambayo hayangoji Bunge. Kila kikundi cha kopa ng'ombe lipa ng'ombe kiandike mkataba kwa majina mawili, la mume na la mke, na wote wawili watie sahihi au dole gumba mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mkataba useme wazi kwamba mmoja akifariki, ng'ombe na deni lake hubaki kwa aliye hai. Mafunzo yahudhuriwe na yule anayekamua. Malipo ya maziwa yaandikwe katika daftari ambalo mke anaweza kulisoma au kusomewa. Na baba aliye mzima leo aandike wosia mbele ya mashahidi, autaje na ng'ombe kwa rangi yake na namba yake ya sikio.

Nakala ya mkataba wa namna hiyo tumekuja nayo, na baada ya chakula tutausoma kifungu kwa kifungu. Wenye mikataba ya zamani wailete, tuone ina majina mangapi.