Patriarka Estephan Douaihy wa Lebanoni



Katekismu yatufundisha ya kuwa Kanisa Katolika ni moja, walakini si wakristu wote wanaosali kwa desturi moja. Katika milima ya Lebanoni wako Wamaroni. Wanamtii Papa wa Roma kama sisi, lakini Misa yao ina sala za Kisiria, lugha iliyo jirani sana na ile aliyoisema Yezu. Tena kwao mtu mwenye mke aweza kupewa upadri. Msishangae, Kanisa lenyewe limekubali desturi hiyo tangu kale.

Mkubwa wao huitwa Patriarka. Leo tusikie habari za mmoja wao, Estephan Douaihy, aliyezaliwa kijijini Ehden tarehe 2 Agosti 1630. Baba yake alikufa yeye angali mdogo sana. Mwaka 1641 alipelekwa Roma, kwenye chuo ambacho Papa Gregori XIII aliwafungulia Wamaroni mwaka 1584. Huko alisoma mchana na usiku, hata macho yakamwishia. Mwanafunzi asiyeona afanye nini? Wenzake walimsomea, naye akasikiliza. Akamwomba Bikira Maria, na wasimulizi wa maisha yake wasema ya kuwa macho yakafumbuka. Wala hakuyapumzisha! Siku za likizo alizunguka katika maktaba za Roma, akitafuta kila karatasi iliyotaja watu wake.

Alirudi kwao mwaka 1655, akawa padri, akafundisha watoto, akahubiri hata Aleppo. Mwaka 1670 alichaguliwa kuwa Patriarka.

Kiti chake kilikuwa Qannoubine, monasteri iliyo katika mwamba wa bonde refu. Hakukaa kwa raha. Nchi ilikuwa chini ya Waturuki, na mara nyingi alilazimika kukimbia wadhalimu. Katika Chouf alipokelewa na wakuu wa Wadruzi, ambao si wakristu.

Kati ya mahangaiko hayo aliandika. Katika Manarat al-aqdas alieleza sala na matendo ya Misa. Katika Tarikh al-azmina alipanga habari za nyakati hata mwaka 1699. Kwa nini mchungaji anayefukuzwa ahangaikie miaka iliyopita? Kwa kuwa wengine waliandika ya kwamba Wamaroni wa kale walikuwa wazushi, naye alitaka kuonyesha kwa maandiko ya kale ya kuwa imani yao haikupotoka kamwe. Wataalamu wa siku hizi hawamkubalii yote, lakini hakuna anayechunguza habari za Lebanoni bila kumsoma.

Mwaka 1695 vijana wachache kutoka Aleppo walimwomba ruhusa ya kuishi kimonaki. Akawapa nyumba huko Ehden. Ndio mwanzo wa shirika la wamonaki wa Lebanoni.

Alifariki Qannoubine tarehe 3 Mei 1704, akazikwa katika pango la Mtakatifu Marina. Miaka 320 ikapita. Halafu, huko Bkerké, Kardinali Marcello Semeraro, kwa niaba ya Papa Fransisko, akamtangaza Mwenye Heri. Ilikuwa tarehe 2 Agosti 2024, siku ile ile aliyozaliwa.